Kadi ya Mwulizaji

Bwana Mhariri amenitaka nieleze katika gazeti letu habari ya asubuhi ile ya muhula uliopita, niliposimama mbele ya mstari na kutengua matokeo ya mashindano ya chemsha bongo kati ya mabweni. Wazazi wawili waliniuliza jambo hilo siku ya kufunga shule, na mwalimu mwenzangu mmoja hata leo hanielewi. Basi nitaeleza, lakini yanibidi nianze mbali kidogo, katika mji wa Leeds, kaskazini mwa Uingereza, ambako nilipelekwa kusoma mwaka mmoja kuanzia Septemba 1996.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane aliyepita miaka 70. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa basi la mji. Katika nyumba ile chumba chenye moto kilikuwa kimoja tu, na televisheni ilikuwa humo. Sitawadanganya wanafunzi wangu nikasema nilivutwa na elimu. Nilivutwa na baridi. Nilikuwa nikirudi kutoka chuoni meno yakigongana, naingia chumba kile, namkuta mama ameketi na kikombe cha chai, penseli, na bahasha kuukuu. Penseli na bahasha vilikuwa vya kuandikia alama. Kila swali lililoulizwa katika televisheni alilijibu kwa sauti, nami ilinipasa nijibu pia, na mwenye kupata aliandikiwa alama yake. Wiki ya kwanza nilishindwa kwa alama 61 dhidi ya 4, na katika hizo 4, mbili zilikuwa za mto Nile.

Nilidhani ni kichaa chake mwenyewe. Baadaye nikaona kuwa ndivyo walivyo watu wengi wa nchi ile. Kwao kipindi cha maswali ni kama bao kwetu: apitaye hapiti bila kusimama, na asimamaye hawezi kunyamaza. Tena mambo haya si mapya. Redio ya BBC ilianza mashindano ya shule za sekondari, Top of the Form, mwaka 1948, yakaendelea mpaka 1986, na tangu 1962 mpaka 1975 yalionyeshwa katika televisheni pia. Stesheni ya ITV ilipofunguliwa Septemba 1955, mwaka ule ule ilikuja na michezo ya maswali ya fedha, Double Your Money ya Hughie Green na Take Your Pick ya Michael Miles. Mama mwenye nyumba aliwakumbuka wote wawili, akiwataja kama mtu atajavyo majirani waliohama.

Kipenzi chake kilikuwa Countdown. Hicho ndicho kipindi cha kwanza kabisa kuonekana katika stesheni ya Channel 4 ilipofunguliwa tarehe 2 Novemba 1982, nacho kikitengenezwa pale pale Leeds, kwa hiyo mama alikihesabu kuwa mali ya mji wake, ingawa asili yake ni mchezo wa Wafaransa. Mshindani huomba herufi tisa, moja moja, akisema kama ataka irabu au konsonanti, kisha washindani wawili wana sekunde 30 za kuunda neno refu kuliko la mwenziwe. Halafu huja hesabu: namba sita, na jumla ya tarakimu tatu ambayo lazima ifikiwe kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. (Niliwahi kuujaribu mchezo wa herufi kwa Kiswahili katika Kidato cha Pili. Shida ilikuwa irabu. Maneno yetu huzila kama kuku alavyo mtama, na zile nilizoandaa zikaisha kabla ya kengele.)

Mwendeshaji wake, Richard Whiteley, alikuwa mtu mcheshi, mwenye makoti ya rangi kali na vichekesho vya kucheza na maneno ambavyo mara nyingi havikumchekesha mtu ila yeye mwenyewe. Mwaka 1977, alipokuwa akitangaza habari za Yorkshire, mnyama mmoja wa jamii ya kicheche aliyeletwa studio alimuuma kidole na kuning'inia asiachie, na watu wa Leeds walikuwa hawajachoka kusimulia kisa hicho miaka 20 baadaye. Lakini nilichokipenda kwa Whiteley ni kwamba hakujifanya mjuzi. Hesabu zilikuwa kazi ya bibi mmoja, Carol Vorderman, aliyezifanya mbele ya macho ya watu kwa haraka ya ajabu. Na neno likibishaniwa, Whiteley hakuamua yeye. Aliwageukia waliokaa pembeni na kamusi. Kamusi ikisema neno halimo, halimo. Aliendesha kipindi kile mpaka alipofariki mwaka 2005.

Kulikuwa na William G. Stewart pia, wa Fifteen to One, aliyewasimamisha watu 15 katika nusu duara, kila mmoja na nafasi tatu za kukosa, akawapukutisha kama maembe mpaka akabaki mmoja. Huyo hakuwa na maneno mengi. Kabla sijamjua mshindani jina lake nani, alikuwa amekwisha tolewa.

Jioni ilikuwa zamu ya University Challenge. Timu ni mbili, wanafunzi wanne wanne wa vyuo vikuu. Swali la kwanza lina alama 10, na kila mtu hulijibu peke yake kwa kubonyeza kengele. Akipata, timu yake hupewa maswali matatu ya alama 5 kila moja, na hapo ndipo huruhusiwa kunong'onezana. Mtu akikatiza swali kabla halijaisha, naye akakosa, timu yake hupokonywa alama 5. Katika picha timu moja huonekana imekaa juu ya vichwa vya nyingine, kama nyumba ya ghorofa. Kwa kweli zote ziko chini, sambamba, na ni ufundi wa kamera tu. Niliiamini ghorofa ile mwezi mzima, nikashangaa mbona wa juu hawaangushi penseli.

Kipindi hiki kiliigwa kutoka mashindano ya Wamarekani yaitwayo College Bowl, na mwulizaji wake wa kwanza, tangu Septemba 1962 mpaka 1987, alikuwa Bamber Gascoigne. Mimi sikumwona katika kazi ile, ila mama alimweleza sana. Alikuwa msomi mwenye adabu kubwa. Mwanafunzi akikosa, Gascoigne alisikitika kana kwamba kosa ni lake. Mwaka 1975 vijana wa Chuo Kikuu cha Manchester waliamua kuyajibu maswali kwa majina ya Marx, Lenin, Trotsky na Che Guevara, swali liwe la nini liwe la nini, wakilalamika kwamba Oxford na Cambridge huruhusiwa kupeleka timu kwa kila koleji hali vyuo vingine vina timu moja tu. Mama alisema siku hiyo alicheka mpaka akamwaga chai.

Wangu mimi alikuwa Jeremy Paxman, aliyeshika nafasi hiyo kipindi kilipofufuliwa na BBC mwaka 1994. Alikuwa mwandishi wa habari, hodari wa kuwabana mawaziri kwa maswali, na tabia hiyo alikuja nayo. Mwanafunzi akichelewa, Paxman alimhimiza. Akikosa jambo ambalo Paxman aliliona jepesi, nyusi zilipanda, na jibu sahihi lilitamkwa kwa namna ya kumfanya mtu atamani kuingia chini ya meza. Mama hakumpenda. Alisema kila mtu ni mwerevu akiwa ameshika kadi yenye majibu. Mimi nilicheka sana na kumwona Paxman ni mwalimu wa kweli, tena nilikuwa kijana, na baadhi ya mambo yake nikayaweka akiba.

Lakini kilichonigusa moyo kilikuwa Mastermind. Hapo palikuwa na giza, na katikati ya giza kiti kimoja cheusi chini ya taa, na muziki wa kutisha. Mshindani huitwa, hukaa, huulizwa jina lake, kazi yake, na somo alilolichagua. Kisha maswali humwangukia kwa dakika mbili, kwanza ya somo lake, na katika duru ya pili ya mambo ya kila aina. Aliyebuni kipindi hiki, Bill Wright, alikuwa askari wa anga katika Vita Kuu ya Pili. Alitekwa na Wajerumani na kuhojiwa na Gestapo, na ule upweke wa mtu mbele ya wahoji wake ndio alioutia katika kiti kile. Niliposikia habari hiyo sikuweza tena kukitazama kama mchezo.

Mwulizaji alikuwa Magnus Magnusson, tangu siku ya kwanza mwaka 1972 mpaka 1997. Wasomaji wengine watadhani jina hilo ni la kutunga, sivyo. Alizaliwa Reykjavik katika nchi ya Iceland mwaka 1929, akaletwa Scotland angali mtoto mchanga, akakulia Edinburgh, lakini uraia wa kwao hakuuacha mpaka alipofariki mwaka 2007. Alikuwa mtafsiri wa hadithi za kale za watu wake. Mimi niliyekuwa mgeni nilifarijika kuona kwamba mtu aliyekabidhiwa kuwauliza Waingereza maswali ya Kiingereza ni mgeni mwenzangu.

Alikuwa na msemo mmoja ambao nchi nzima iliujua. Kengele ya kumaliza muda ilipolia naye yuko katikati ya swali, hakuliacha. Alisema kwamba amekwisha anza, basi atamaliza. Akalisoma swali mpaka mwisho, akasubiri jibu, akalihesabu. Kwa miezi mingi niliudhani kuwa ni utaratibu tu. Kisha nikaona ni haki ya yule aliye kitini: swali lililoanza kuwa lake limekuwa lake, hata kama saa imekwisha. Na sauti ya Magnusson haikubadilika. Aliyepata na aliyekosa walipata sauti ile ile. Mwisho alimsomea mshindani majibu ya yale aliyoyaruka, taratibu, kama daktari amwelezavyo mgonjwa, na kumshukuru. Mwaka 1980 mshindi alikuwa dereva wa teksi wa London, Fred Housego, na mwaka 1983 alikuwa dereva wa garimoshi. Mama aliutaja ushindi huo wa madereva mara kwa mara, na nilijua anamkumbuka nani.

Sasa nifike kwenye jambo la Krismasi. Mwezi Desemba 1996 chuo kilifungwa, maduka yakafungwa, barabara ikawa nyeupe, nasi tukakaa wawili na kitabu kikuukuu cha maswali ambacho mumewe alikuwa akikipenda. Yeye aliuliza, mimi nilijibu. Akauliza: mji mkuu wa Tanzania ni upi? Nilicheka kwa furaha, nikasema Dodoma. Akatazama nyuma ya kitabu, akasema, "Sivyo. Ni Dar es Salaam."

Nikamweleza kwamba uamuzi wa kuhamia Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na kwamba Februari ya mwaka ule ule wa 1996 Bunge letu lilikuwa limehamia huko. Akasema kitabu ndicho kisemacho hivyo, na kanuni ya nyumba ni kufuata kitabu. Hakuniandikia alama. Msomaji, unaweza kuniona mtoto, lakini nililala nikiwa na uchungu. Kukosa swali la mfalme fulani wa Uingereza si kitu. Kuambiwa na mtu aliye maili elfu kadhaa kutoka kwenu kwamba huijui nchi yako, na huku unaijua, hilo ni jambo jingine.

Maktaba ilipofunguliwa baada ya sikukuu, mama alivaa koti na buti, akaenda. Aliporudi hakusema neno. Alichukua ile bahasha, akafuta alama zangu na kuziandika upya, zikiwa zimeongezeka moja, halafu akafungua kile kitabu cha mumewe na kukikata kwa penseli lile jibu, juu yake akaandika Dodoma. Kisha akaniambia, kwa maneno mafupi ya watu wa kule, kwamba amekosa na amesikitika. Chai ya siku hiyo aliipika yeye, ingawa ilikuwa zamu yangu.

Septemba 1997, siku chache kabla sijapanda ndege, tulitazama fainali ya mwisho ya Magnusson, iliyofanyika katika kanisa kuu la St Magnus huko visiwa vya Orkney. Mama alilia kidogo, nami nikajifanya natafuta penseli.

Nyumbani nilikuja na bati la biskuti alilonipa, na humo nikaanza kuweka kadi: upande mmoja swali, upande wa pili jibu. Tangu 1998 nimekuwa mwulizaji wa mashindano ya chemsha bongo katika kila shule niliyofundisha. Mama aliniandikia kila mwaka akinipasha habari. Alinieleza juu ya Who Wants to Be a Millionaire?, kilichoanza Septemba 1998 chini ya Chris Tarrant: maswali 15, majibu manne ya kuchagua, na mwisho wake pauni milioni moja, ambazo mtu wa kwanza kuzipata zote, Judith Keppel, alizipata Novemba 2000. Alimpenda Tarrant kwa kuwa humuuliza mtu mara mbili kama hilo ndilo jibu lake la mwisho. Nusu ya kipindi kizima ni kule kusubiri. Alinieleza juu ya meja wa jeshi aliyeshinda milioni hizo Septemba 2001 kwa msaada wa kikohozi cha mtu aliyekaa karibu, akahukumiwa na mahakama mwaka 2003. Anne Robinson wa The Weakest Link, aliyewafukuza washindani kwa maneno makali kuanzia mwaka 2000, hakumtaka hata kumsikia. Alisema huyo ni Paxman aliyevaa viatu virefu.

Barua moja ya mwaka 1999 ilinichekesha wakati ule, na sasa hainichekeshi. Katika kipindi cha Tarrant mtu aliulizwa mchezaji wa tenisi aweza kushinda seti kwa kuupiga mpira mara chache zipi. Akasema 24, na akaambiwa amepata. Watazamaji wakapiga kelele nchi nzima. Fikiri: seti ni michezo sita, na kila mchezo wahitaji pointi nne, ndiyo 24. Lakini mitatu katika hiyo anayeanzisha mpira ni mpinzani wako, naye akikosea kuanzisha mara mbili mbili, wewe wapata pointi bila kugusa mpira. Jibu ni 12. Kadi ya Tarrant ilikuwa na kosa. Wenye kipindi walikiri, na yule mshindani wakamwachia fedha zake, kwa kuwa kosa halikuwa lake.

Barua zilikoma mwaka 2005.

Mashindano ya muhula uliopita yalikuwa fainali kati ya Bweni la Meru na Bweni la Usambara. Ukumbi ulijaa, na nilikuwa katika furaha yangu yote, na bila shaka nyusi zangu zilikuwa zikipanda. Yanibidi niseme wazi kwamba miaka yote hii, kati ya wale waulizaji niliowaeleza, niliyemheshimu ni Magnusson, lakini niliyemwiga ni Paxman. Wanafunzi hucheka, na mwulizaji akichekewa hunogewa.

Swali la mwisho kabisa, la alama mbili, lilikwenda Usambara, ambao walikuwa nyuma kwa alama mbili. Nilichomoa kadi: mji mkuu wa Burundi. Msichana wa Kidato cha Tatu akasimama akasema, "Gitega, Mwalimu."

Nikageuza kadi. Ilisema Bujumbura. Nikasema, "Gitega! Nawe watoka Kigoma, mlango wa pili na Burundi! Nenda kawaulize majirani zako." Ukumbi mzima ukacheka. Akakaa. Meru wakapewa kombe na kreti ya soda.

Asubuhi alikuja ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Ni lile swali la Burundi, Mwalimu. Baba yangu anauza dagaa huko. Mji mkuu ni Gitega."

Nilimwambia mashindano yamekwisha. Akasema, "Ndiyo, Mwalimu," akaondoka bila kubisha, na kule kuondoka bila kubisha ndiko kulikonisumbua siku nzima. Jioni nilimuuliza mwalimu wa jiografia. Hakuhitaji hata kufungua kitabu. Mwanzoni mwa mwaka 2019 Burundi iliifanya Gitega kuwa mji mkuu wa kisiasa, na Bujumbura ikabaki kuwa mji wa biashara. Kadi yangu ilikuwa ya mwaka 1998. Nilikwenda nyumbani nikafungua bati, nikaitazama. Mwandiko ni wangu, wino umepauka, na jambo lenyewe lilikuwa kweli siku nilipoliandika, kama lile la kitabu cha mume wa mama lilivyokuwa kweli siku lilipochapwa.

Mwalimu mwenzangu niliyemtaja mwanzo alinishauri niache. Alisema mwalimu akijikosoa mbele ya wanafunzi 600, kesho watataka kila mtihani usahihishwe upya. Na kwamba soda imekwisha nywewa. Shauri lake halikuwa la kijinga. Nilimweleza habari ya mwaka 2009, wakati koleji ya Corpus Christi ya Oxford ilipokuwa imekwisha shinda fainali ya University Challenge, ikagunduliwa kwamba mmoja wa timu yao alikuwa si mwanafunzi tena mashindano yalipokuwa yangali yakiendelea. Ushindi ukaondolewa, wakapewa Manchester, wale wale ambao zamani walijibu Trotsky. Akaniambia kombe la televisheni na kombe la mabweni si kitu kimoja. Nikamwambia kwa msichana yule ni kitu kimoja.

Basi nikasimama mbele ya mstari. Nilisema kwamba jibu la Gitega lilikuwa sahihi, kwamba kadi yangu ilikuwa imepitwa na wakati kwa miaka kadhaa na mimi pia, na kwamba alama zimekuwa sawa. Hayo yalikuwa mepesi. Yaliyokuwa mazito ni kusema kwamba nilimfanya mwanafunzi achekwe kwa kuijua kweli, na nikamwomba radhi kwa jina lake. Sauti yangu haikuwa nzuri. Nilikuwa nimejiandaa kusema zaidi, sikuweza.

Jumamosi tuliuliza swali moja la kuamua, kama wafanyavyo wenye University Challenge timu zikilingana. Meru wakalipata. Kwa hiyo kombe lilirudi pale pale lilipokuwa, na wako watu wanaosema kwamba nilijisumbua bure. Msichana mwenyewe, nilipomuuliza kama ameridhika, alifikiri kidogo, akasema kwamba angependa zaidi kushinda.

Siku zile zile nilimpa lile bati, pamoja na msichana mmoja wa Meru, wanisaidie kuzipitia kadi zote. Zilikuwa 611. Waliketi maktaba kila Jumatano. Sudani haikuwa tena nchi kubwa kuliko zote za Afrika tangu 2011. Sasa ni Algeria. Swaziland imekuwa Eswatini tangu 2018. Sayari zimekuwa nane tangu 2006. Kadi 38 zilirekebishwa na 9 zikatupwa kwa kuwa hakuna aliyeweza kusoma mwandiko wangu.

Wiki iliyopita waliniletea bati. Juu kabisa waliweka kadi yangu ya kwanza, niliyoiandika ndani ya ndege: mwulizaji wa Mastermind ni nani? Nyuma yake nilikuwa nimeandika Magnus Magnusson. Walikuwa wamelikata jina hilo kwa mstari mmoja mwembamba, ili lizidi kusomeka, na chini yake wakaandika John Humphrys, 2003 mpaka 2021, nalo pia likakatwa, kisha Clive Myrie, tangu 2021. Nyuma ya kadi ya University Challenge, Paxman alikuwa amekatwa pia, na pameandikwa Amol Rajan, tangu 2023.

Niliwauliza mbona majina haya mapya wameyaandika kwa penseli, na wino ninao mezani. Walitazamana, wakacheka, wakaniaga na kwenda kula.